Laptopu Inayojizima Ikiwa Kwenye Chaja: Jaribu Hili Kabla ya Kununua Chaja Nyingine

Mtu akisema laptopu yake inazimika ikiwa kwenye chaja, aliye karibu naye humjibu bila kufikiri: nunua chaja. Ananunua, anarudi nyumbani, inazimika tena. Sasa ana chaja mbili na tatizo lilelile.

Kuna jambo moja linalosahaulika. Laptopu yenye betri nzima haina sababu ya kuzimika eti kwa kuwa chaja imekufa. Chaja ikikata, betri inapokea palepale, nawe unaendelea kuandika. Kwa hiyo ikiwa chaja, waya au soketi ndiyo inayoizima laptopu yako, maana yake betri nayo imekwisha na hakuna wa kupokea mzigo. Na kama betri bado nzima, basi anayeizima yumkini hayuko kwenye waya hata kidogo.

Ndiyo maana jaribio la kwanza ni hili. Hifadhi kazi yako, funga mafaili yote, acha laptopu ikae kwenye chaja hadi ionyeshe betri imejaa, kisha chomoa chaja ikiwa imewaka. Ikizimika hapohapo au baada ya dakika chache, soma Kundi la Kwanza. Ikiendelea kama kawaida, ruka hadi Kundi la Pili. Lakini hata kabla ya jaribio hilo, hakikisha hakuna hali yoyote kati ya hizi.

Hali za kuacha mara moja

Betri iliyovimba. Utaijua kwa sehemu ya kugusia kipanya iliyoinuka au isiyobonyezeka, kifuniko cha chini kilichotuna, au laptopu inayoyumba juu ya meza iliyonyooka. Zima, chomoa, usiwashe tena. Usiitoboe ili "itoe hewa", kwa maana gesi iliyomo huwaka moto, na betri ya lithiamu ikishaanza kuungua haizimwi kwa kufunikwa na nguo. Usiitupe kwenye shimo la takataka zinazochomwa. Mpelekee fundi, au mwite aje kuitoa.

Harufu ya plastiki inayoungua, cheche, moshi, au boksi la chaja lenye joto lisiloshikika kwa kiganja. Zima kwanza swichi ya ukutani, ndipo uchomoe.

Maji, chai au soda vilivyomwagika, hata kama ni wiki iliyopita na iliwaka vizuri baada ya hapo. Sukari na chumvi hubaki juu ya ubao mama (ubao mkuu wa umeme ndani ya laptopu) zikiendelea kula shaba, na chaja ikiingia, volti 19 zinapita palepale palipolika. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi sukari. Inatakiwa ifunguliwe na ubao uoshwe kwa spiriti maalumu, na hiyo ni kazi ya fundi.

Na boksi la chaja lisifunguliwe na mtu asiye fundi. Umeme wa 230V ukishanyooshwa humo ndani (ukigeuzwa kuwa wa mkondo mmoja, DC) unafika kama 325V, na kapasita, kipuri kinachotunza umeme, huushikilia kwa muda hata baada ya kuchomoa.

KUNDI LA KWANZA: Ulipochomoa chaja, ilizimika

Betri yako imekufa au iko mbioni. Kama ni Windows, unaweza kupata ushahidi: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoiweka. Linganisha mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Wa pili ukiwa chini ya nusu ya wa kwanza, betri imechoka. Kuna betri nyingine zinadanganya: ripoti nzuri, asilimia 100, lakini ukichomoa tu inakata. Hapo amini jaribio, si ripoti.

Kubadilisha betri kutaondoa sehemu kubwa ya kero hii. Ila bado kuna kitu kinachokata umeme njiani, na hicho nacho kitafutwe.

Dalili: inazimika taa za nyumba zikipepesa, au jokofu likianza kunguruma

Umeme unakatika kwa sehemu ya sekunde, balbu inafumba na kufumbua, nayo laptopu isiyo na betri inaanguka. Watu husema umeme ni mdogo. Mara nyingi umeme mdogo peke yake si mkosaji: tazama maandishi ya chaja yako, utakuta INPUT 100-240V. Chaja nzima inaendelea kufanya kazi hata umeme ukishuka hadi 170. Kinachoizima ni ule mkato, na kinachoiua chaja yenyewe ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kifaa cha kulinda TV au jokofu, kile kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, kitasaidia kwa hicho kishindo, lakini hakitaziba mkato. Mkato unazibwa na betri nzima au UPS, kifaa chenye betri yake kinachopokea umeme ukikatika.

Anayetumia sola au jenereta ndogo aangalie na mzigo: inveta ya wati 150 yenye TV, balbu na laptopu ya wati 65 inaweza kujikata yenyewe, halafu lawama ikaenda kwa chaja.

Dalili: inazimika ukigusa waya, ukisogeza meza, ukibadilisha mkao

Hapa kuna mguso uliolegea mahali fulani. Anzia ukutani ukija kwenye laptopu, wala usianzie kwenye laptopu, kwa sababu vya ukutani ni rahisi na ndivyo vinavyolegea zaidi.

Kwanza plagi. Laptopu nyingi za mtumba zimekuja na waya wa Marekani wenye miguu bapa, na mwenyewe ameuunganisha kwa kile kidude cha bei ndogo kinachogeuza miguu ili iingie kwenye soketi yetu ya miguu mitatu. Kidude hicho hulegea baada ya miezi michache, kikaanza kutoa mlio wa kukaanga. Kitupe. Tazama nyuma ya boksi la chaja: waya wa ukutani karibu kila mara unachomoka, na mwingine wenye plagi ya miguu mitatu na fyuzi yake ndani unauzwa peke yake kwenye duka lolote la vifaa vya umeme. Huhitaji chaja mpya.

Pili ekstensheni. Ikiwa na alama nyeusi kwenye tundu, au plagi inacheza, chomeka moja kwa moja ukutani na ujaribu tena. Tatu, ule waya unaochomoka: usukume ndani ya boksi la chaja hadi ukaze. Inashangaza mara ngapi tatizo zima huishia hapo.

Nne, waya mwembamba unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye laptopu. Unakatikia ndani, karibu na ncha zake mbili, hasa kwa watu wanaouzungushia boksi kwa kuukaza. Laptopu ikiwa imewaka, pinda waya taratibu sentimita chache chache ukitazama alama ya chaji kwenye skrini. Alama ikipotea na kurudi, umepapata. Kuufunga kwa gundi ya plastiki hakutibu kitu, na nyuzi zinazogusana zinaweza kuleta shoti.

Mwisho kabisa, tundu la chaja kwenye laptopu. Shika pini ya chaja uitikise kidogo: tundu lenyewe likicheza ndani ya bodi, limevunjika au limeachia risasi ya kulehemu. Mombasa, Zanzibar, Dar na kokote karibu na bahari, litazame kwa tochi, kwani hewa ya chumvi huacha ukungu wa kijani au mweupe ndani yake. Muulize fundi kama tundu la modeli yako limeunganishwa kwa waya mfupi au limelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama. La waya hubadilishwa haraka bila kugusa ubao. La kulehemu linataka mkono uliotulia, na si kila anayemiliki kifaa cha kulehemu anao.

Dalili: ukiandika iko salama, ukifungua video au mchezo inazimika

Kama feni inapiga kelele na laptopu ina moto, soma kwanza habari ya joto kwenye Kundi la Pili. Kama haina moto, angalia wati. Zidisha volti kwa ampea zilizoandikwa kwenye OUTPUT: 19.5V mara 3.34A ni wati 65, na 19.5V mara 4.62A ni wati 90. Laptopu iliyoundwa kwa wati 90 au 130 ikipewa 65 itaishi vizuri ikiwa haina kazi, kisha huenda ikaanguka ikibebeshwa mzigo, maana hakuna betri ya kuongezea pale chaja inapopungukiwa.

Kanuni ya kuchagua chaja ni fupi. Volti ziwe zilezile (19 na 19.5 hazina ugomvi). Ampea zikizidi si neno, kwa kuwa laptopu huvuta inachohitaji tu. Zikipungua ndipo shida. Chaja zile za "kila laptopu" zenye swichi ya kuchagua volti 12 hadi 24 mimi sizipendi hata kidogo, kwani mtoto akisogeza swichi, mazungumzo yanakuwa ya ubao mama.

Kwa laptopu za USB-C kuna mtego wake. Waya wa kawaida wa USB-C hubeba ampea 3, yaani wati 60 mwisho kwenye volti 20. Wa kufika wati 100 lazima uwe wa ampea 5 na kwa kawaida umeandikwa hivyo. Na chaja ya simu ya wati 25 itaonyesha alama ya kuchaji huku asilimia zikishuka, hadi laptopu inazimika ikiwa "kwenye chaja". Hapo hakuna kilichoharibika. Kinacholiwa ni kingi kuliko kinacholetwa.

KUNDI LA PILI: Ulipochomoa chaja, iliendelea

Betri yako inabeba mzigo. Usikimbilie kununua chaja, isipokuwa kama unaichaji laptopu ya USB-C kwa chaja ndogo ya simu, niliyoieleza mwishoni mwa Kundi la Kwanza. Kama ni Windows, iulize kwanza yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, ingia Windows Logs kisha System, utafute saa ile ilipozimika.

Ukikuta namba 1074, kuna mtu au programu iliyoagiza kuzima. Mara nyingi ni masasisho ya Windows. Namba 42, au 506 kwenye laptopu mpya, inamaanisha haikuzimika, ililala. Nenda kwenye mipangilio ya umeme, uone muda wa kulala uliowekwa kwa upande wa chaja, kwa sababu Windows hutunza mipangilio ya betri na ya chaja mbalimbali. Hili linawapata watu wengi kuliko wanavyopenda kukiri.

Namba 41 yenye chanzo Kernel-Power ndiyo ya kutazama kwa makini. Inasema tu kwamba mashine imewaka upya bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Ifungue, bofya Details, soma BugcheckCode. Ikiwa si 0, ilikuwa skrini ya bluu: sasisha draiva (programu inayoendesha kifaa cha ndani), hasa ya kadi ya picha, kwa kuwa laptopu yenye kadi mbili mara nyingi huamsha ile kubwa ikiwa kwenye chaja. Ikiwa 0, mashine ilikatwa pumzi bila kupata nafasi ya kuandika lolote. Endelea kusoma.

Dalili: inakaa dakika kumi au ishirini, feni inapaza sauti, kisha giza

Joto. Kati ya wote wa kundi hili, hawa ndio wengi, na ndio wanaouziwa betri na chaja wasizozihitaji.

Sababu ya joto kuja ikiwa kwenye chaja tu ni hii. Laptopu ikiwa kwenye betri hubana matumizi, prosesa (ubongo wa kompyuta) ikatembea kwa kasi ya chini. Ukichomeka chaja, kizuizi kinaondolewa, prosesa inakimbia kwa nguvu zote, na wakati huohuo betri inayojazwa nayo inatoa joto lake. Kama njia ya hewa ni safi, feni inamudu. Kama imeziba vumbi, joto linapanda hadi karibu nyuzi 100 za Selisiasi, na prosesa inajikata ili isiungue. Baadhi ya HP zikiwashwa tena baada ya hapo hutoa ujumbe wa System Temperature wenye namba 90D.

Anza na vya bure. Itoe laptopu juu ya kitanda, mto au mapaja. Matundu ya hewa mengi yako chini, na godoro linayaziba yote. Weka kiganja kwenye tundu la pembeni ambako feni inatolea. Hewa ikiwa kali na ya moto, feni inafanya kazi. Ikiwa haba huku feni ikinguruma, kuna zulia la vumbi limejibana kati ya feni na mapezi ya shaba. Ukimya kabisa ni dalili ya feni iliyokufa.

Kisha fanya jaribio litakalomaliza ubishi. Kwenye Control Panel ingia Power Options, fungua mipangilio ya kina ya mpango unaotumia, tafuta Processor power management, halafu Maximum processor state, na upande wa Plugged in badilisha 100 iwe 99. Asilimia moja hiyo inaondoa ile kasi ya ziada ya prosesa, na joto hushuka sana. Kwenye laptopu mpya sehemu hiyo huenda imefichwa; chagua basi hali ya umeme ya Best power efficiency. Ikiwa sasa inakaa saa nzima kwenye chaja bila kuzimika, joto limekiri. Unaweza kuiacha hivyo ukisubiri pesa ya fundi. Utapoteza kasi kidogo tu kwa kazi za ofisini.

Tiba yenyewe ni kuifungua, kutoa vumbi na kubadilisha pasta ya prosesa, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Hewa ya kopo pekee huondoa vumbi la juu, na mara nyingine hulisukuma ndani zaidi. Ukipuliza, shika panga za feni kwa kijiti zisizunguke. Usitumie mdomo, mate yana maji, wala kifyonza vumbi cha nyumbani. Pasta mbichi ikipakwa na bado inafika nyuzi 95 ikiwa haina kazi, huenda kuna programu inayoitafuna prosesa kimyakimya: fungua Task Manager uone nani yuko juu.

Dalili: inazimika sekunde ileile unapochomeka

Hawa ni wachache, na kwao ndiko kwenye hatari ya kuharibu zaidi.

Tazama taa ya boksi la chaja unapochomeka. Kama haina taa, azima yenye taa ya aina hiyohiyo. Ikibaki inawaka huku laptopu inakufa, jaribu kumaliza umeme uliobaki ndani: zima, chomoa chaja na kila kilicho kwenye USB, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha chomeka chaja peke yake uwashe. Kwenye modeli za zamani ambazo betri inachomoka kwa kidole, kama ThinkPad T430 au Latitude E6430, jaribio hili lina faida ya pili: ikiwaka na kutulia bila betri, betri ndiyo yenye ugonjwa wa ndani, na ilikuwa inalemea mzunguko wa kuchaji.

Taa ya chaja ikizimika kila unapochomeka na kurudi ukichomoa, kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi. Wakati mwingine taa hairudi mpaka uichomoe chaja ukutani kwa dakika moja. Huo ni ulinzi wake. Jaribu chaja nyingine sahihi mara moja tu. Ikitulia, chaja yako ya kwanza ilikuwa mbovu. Nayo ikizimika taa, kuna shoti ndani ya laptopu. Simama hapo. Usiazime ya tatu.

Shoti hiyo mara nyingi iko kwenye tundu la chaja au kwenye mzunguko wa kuchaji wa ubao mama, na hutafutwa kwa multimita na chanzo cha umeme kinachoweza kuwekewa kikomo cha ampea. Fundi asiye na vifaa hivyo atakuambia ubao umekufa, badilisha wote. Pengine kilichokufa ni kapasita moja ndogo kama punje ya mtama.

Ukifika kwa fundi

Mpe matokeo, usimpe hukumu. "Nikichomoa chaja haizimiki, nikiweka 99 inakaa, tukio ni 41 lenye bugcheck 0" ni maneno yatakayomwelekeza moja kwa moja kwenye feni. "Chaja mbovu" itamfanya akuuzie chaja. Kama uko Kundi la Pili, nakili mafaili yako kwanza ikiwa kwenye betri, kwa kuwa hapo bado inakaa. Omba apime chaja ikiwa na mzigo, kwani chaja iliyochoka huonyesha 19.5V ikiwa haina kazi, kisha ikaporomoka laptopu inapovuta. Kipuri chochote atakachobadilisha, mwambie mapema kwamba cha zamani utaondoka nacho, isipokuwa betri iliyovimba.

Na kama wewe ni mwenye Dell, ukiwasha ukaona ujumbe kwamba aina ya chaja haikutambulika, usiuchanganye na tatizo hili. Ule unatokana na pini nyembamba ya katikati inayopeleka utambulisho wa chaja. Betri itakataa kujaa na mashine itakuwa nzito, lakini kwa kawaida haitazimika.